Miradi inaingia ofisini kwa kila mlango, nyie mnaidhinishaje?

Mleta mada:
Wakuu salaam. Naombeni mawazo maana nimechoka. Niko timu ndogo ya mifumo, tuko 6, na miradi inatufikia kwa kila njia unayoijua, huyu anatuma imeili, yule anakudaka kwenye korido, mwingine kaongea na bosi wako kikaoni halafu wewe wiki mbili baadae unaulizwa "ile kazi yetu imefikia wapi", kazi gani sasa?? Juzi nimekaa nikahesabu, tuna miradi 12 eti "inaendelea" na kwa mwezi tunamaliza miwili, tena mwezi ukiwa mzuri. Bosi kaniambia nitengeneze utaratibu, kila mradi uombwe rasmi, upitiwe, uidhinishwe ndo uanze. Nimeanza na fomu, imefika maswali 34, ila roho inaniambia hakuna atakayeijaza. Mliofanikiwa mlianzia wapi?

Jibu 1:
Maswali 34, hiyo fomu au mtihani? 😂 Sisi tulifanya kosa hilohilo watu wakawa wanajaza vistari tu. Tukabakiza matano: tatizo ni nini (tatizo, sio "tunataka app"), nani anaumia, tusipofanya miezi mitatu ijayo nini kitaharibika, kuna tarehe ya lazima ya kisheria au ya mkataba, na mkubwa gani wa idara yenu anausimamia. Hilo la mwisho usilitoe hata kwa dawa, maombi mengi yanafia hapo hapo. Halafu kabla ya kikao mpigie simu mwombaji dakika kumi tu. Kuna dada aliomba tumtengenezee mfumo mzima wa ripoti, kumpigia nikakuta ile ripoti ipo na inatumwa kila Ijumaa, yeye alisahaulika kwenye orodha ya wanaotumiwa. Nikamuongeza, mradi ukaishia hapo.

Jibu 2:
Mi naona fomu mnaipa uzito usio wake. Angalia namba zako mwenyewe mkuu, 12 gawanya kwa 2 ni miezi 6, yaani mradi ukiingia leo kwa wastani utatoka baada ya nusu mwaka. Hiyo inaitwa kanuni ya Little, John Little aliithibitisha mwaka 1961, na haijali kama fomu yako ni nzuri. Punguza inayoendelea ibaki minne, kasi ikiwa ileile kila mmoja unachukua miezi miwili. Kwa hiyo weka kikomo, na watu waelewe kwamba kuidhinishwa na kuanza ni vitu viwili, ukiidhinishwa unakaa foleni mpaka nafasi ipatikane. Wengi wanachanganya hapo, mtu akiona sahihi tu kesho yake anauliza apdeti.

Mleta mada:
Kikomo nimekielewa. Sasa mkurugenzi akija na chake cha dharura nitamwambia foleni imejaa? Mimi?

Jibu 3:
Usimwambie hapana, muulize kipi kishuke ili chake kipande. Tulikuwa na mkubwa kila wiki ana dharura mpya, tukaweka ubao mmoja kila mtu anauona, akileta chake tunaandika pembeni ya kilichosimama "kimepisha mradi fulani kwa agizo la fulani". Hatukugombana nae hata siku moja. Wenye miradi iliyosimama wakawa wanaenda kumuuliza wenyewe, na dharura zikapungua zenyewe hahaha.

Na kuidhinisha asiwe mtu mmoja, wala wasiwe kumi. Sisi ni watatu, mmoja ana kauli ya bajeti, mmoja anajua watu wa kufanya kazi wapo au hawapo, mmoja anatoka upande wa watumiaji. Nusu saa kila baada ya wiki mbili, siku ileile. Majibu ni manne, ndiyo, hapana, subiri, au rudi na maelezo, na hapana lazima iandikwe sababu maana bila hivyo ombi litarudi limebadilishwa jina. Kazi ya siku mbili tatu isipite huku, iende kwenye tiketi za kawaida (yale maombi madogo madogo ya kila siku), ila kaa macho, wajanja watakukatia mradi vipande vipande waupitishe kama tiketi ishirini. Yameshanikuta.

Jibu 2:
^^ la kubadilishwa jina nimecheka, tuna moja imerudi mara tatu

Jibu 4:
Naongezea dogo tu. Usianze na maombi mapya, hiyo 12 uliyonayo ipitishe kwanza kwenye hayo maswali matano. Ukiiacha iendelee kwa sababu ilitangulia, kikomo chako kimekufa kabla hakijazaliwa.

Mleta mada:
Nimefanya hilo leo mchana, wakuu. Kati ya 12, mitatu haina mkubwa yeyote anayekubali ni yake, na mmoja aliyeuomba alishaacha kazi muda tu na sisi bado tunakutana kila Jumanne kuujadili. Fomu nimeifuta. Kesho naenda kwa bosi na ile mitatu.