Akina mama wa kikundi wanakwepa kupima matiti, naombeni ushauri (Igurusi)

MamaKikoba: Wadau, habari za jioni. Kikundi chetu kina Wasangu, Wasafwa, Wanyakyusa, Wabena na Wasukuma waliohamia na ng'ombe. Kituo cha afya wametangaza kupima saratani ya matiti bure Jumanne ijayo, na kila mtu ana lake. Bibi mmoja Msafwa hamvulii kijana nguo. Msukuma anamsubiri mumewe arudi machungani. Mnyakyusa, tena msomi, ndiye mkali kabisa: "Ukikitafuta utakipata, halafu wakukate ziwa." Niongee na kila kabila kivyake?

KakaUyole: Wabena waambie ni bure, watafika alfajiri 😂

BintiTukuyu: Kaka, utani baadaye. Dada, achana na makabila. Mama yangu ni Mnyakyusa na alikwama palepale kwa huyo Msukuma: ruhusa na nauli.

MfugajiUsangu: Mimi Msukuma. Mpigieni simu huyo mzee mwenyewe. Akisikia juujuu tu kwamba mkewe kapelekwa hospitali, atagoma. Mwambieni ni bure, na jioni yuko nyumbani.

NesiMstaafu: Kabila lina sehemu yake, hasa lugha. Bibi asiyekielewa Kiswahili vizuri aende na mwanamke wa kwao, siyo mjukuu wa kiume. Na mwombeni mganga mfawidhi awepo nesi wa kike. Pale kituoni watapapasa kwa mikono tu. Akikutwa na uvimbe asikate tamaa, vimbe vingi vya matiti si saratani. Ataandikiwa rufaa, walio chini ya miaka 40 kwa kawaida huanza na ultrasaundi, mamogramu, yaani eksirei ya matiti, ni zaidi kwa waliovuka hapo. Sindano ya kuchukua kipande kidogo cha uvimbe kikapimwe haisambazi ugonjwa, huo ni uvumi wa sokoni. Huyo msomi mwambie hivi: uvimbe mdogo unaweza kutolewa ziwa likabaki, na kadiri anavyochelewa ndivyo nafasi hiyo inavyopungua.

Ninachokiogopa mimi ni baada ya Jumanne. Mtu kashika karatasi ya rufaa, anarudi nyumbani kutafuta nauli ya Mbeya, msimu wa kupandikiza mpunga unaingia, karatasi inabaki kwenye pochi. Shirika la Afya Duniani (WHO) wanataka majibu yapatikane ndani ya siku 60 tangu mgonjwa afike kituoni. Tengeni nauli kwenye mfuko wa jamii wa kikundi chenu kabla hamjapima.

MamaKikoba: Ndaga fijo BintiTukuyu, asanteni wote. Mganga mfawidhi anasema nesi wa kike yupo asubuhi tu, kwa hiyo bibi atatangulia. Mzee wa ng'ombe kakubali. Nauli tunaijadili kikao cha Jumamosi. Msomi bado amenuna.