Nimempa mtu shikamoo kibarazani kwangu mwenyewe, ananijibu "umenunua nyumba, hujanunua njia"

Wakuu leo sina salamu, mnisamehe, salamu niliyokuwa nayo nimeitoa saa moja asubuhi na imeliwa.

Yule mzee. Sitaji jina, mnamjua. Kila mtaa una wake ila huyu wa kwetu huku Goba ndo kiwanda, hao wenu ni matawi.

Sikilizeni. Mama mkwe kaingia jana usiku na basi kutoka Singida, mara yake ya kwanza kuja tangu tuhamie hapa. Asubuhi tumekaa kibarazani, chai ya tangawizi, chapati za moto, anaangalia maua anasifia, mimi roho kwatu. Mara huyo anakatiza katikati ya jiko langu na tanki la maji, kavaa msuli na fulana, mswaki mdomoni, nyuma yake kijana anasukuma toroli la pumba za kuku linalia kwii kwii kwii. Nikasema huyu ni mtu mzima na mkwe anaangalia, nikasimama, nikampa shikamoo mzee, kwa heshima zote, hadi mkono nimeweka kifuani. Akautoa mswaki. Akatema. Povu likatua kwenye pevingi zangu. Akasema "Kijana, wewe umenunua nyumba, hujanunua njia." Akarudisha mswaki mdomoni akaendelea na safari yake.

Hakuna marahaba wakuu! HAKUNA MARAHABA!! Mimi nimewahi kumpa shikamoo mwizi wa simu Kariakoo nikidhani namfahamu na akaitikia marahaba kabla hajakimbia.

Sa ngoja niwaeleze, msije mkasema nimevamia. Nimenunua mwaka jana mwezi wa nane. Kiwanja kilipimwa wakati wa urasimishaji, ule upimaji wa makazi yaliyojengwa bila kupimwa, kina namba, kina bikoni nne, yale mawe ya mipaka ya kwenye kona, ramani ninayo na kwenye ramani hapo kati ya jiko na tanki hakuna njia, hakuna hata uchochoro wa paka. Mauziano tumefanyia ofisi ya serikali ya mtaa, mwenyekiti yupo, mjumbe yupo, majirani wa pande zote wakaitwa washuhudie mipaka, na yeye akaitwa, akaja, akakaa kwenye benchi, akanywa soda mbili, ya pili akairudisha akasema haina ubaridi wa kutosha, akasaini jirani upande wa mashariki. Njia hakuitaja. Soda mbili mtu unakunywa kwenye benchi la serikali na neno njia halikukujia mdomoni?

Wiki ya kwanza akawa anapita yeye. Nikanyamaza, mgeni haanzi na ugomvi. Ya pili wapangaji wake. Ya tatu bodaboda za wapangaji wake. Juzi nimetoka bafuni na taulo nakutana na mama simjui kabisa ana mtoto mgongoni ananiuliza baba stendi bado mbali? Bado kidogo watakuja kuchora zebra mbele ya dirisha la chumba cha kulala na mimi nianze kuwapangia foleni.

Na njia ANAYO. Ile barabara ya juu iliyochangiwa wakati wa kupima, kila mtu alitoa kipande chake akiwemo aliyeniuzia mimi. Geti lake linatazama huko huko. Ila mbele ya geti lake kajenga banda la kuku. Yaani kuku ndo wamepewa barabara ya serikali, na yeye kapewa jiko langu.

Bikoni ya kona ya mashariki ilikuwa haionekani, nikalipa mpima aje afufue mipaka, kaja na mashine yake kapiga wee, banda limeingia kwangu karibu mita moja na nusu. Na bikoni mnajua tumeikuta wapi? Ndo anayoegeshea mlango wa banda usifunguke na upepo. Zege lile na chuma chake katikati, zima kabisa, limejaa mavi ya kuku. Nikamuuliza mzee hii vipi, akaiangalia ile mashine ya mpima akasema hiyo kamera yenu haijui kwamba hapa palikuwa na mikorosho.

Mikorosho! Mikorosho inapita na toroli?

Aliyeniuzia simu haiiti. Dalali anasema yeye kazi yake ilikuwa kuonyesha nyumba, mambo ya njia hayakuwemo kwenye hela yake.

Lakini hayo yote wakuu nawaapia ningeyameza. Bikoni ningemeza. Kinachonichoma ni pale alipotoa mswaki, nikajua anautoa aitikie, nikatabasamu kabisa. Nilitabasamu! Mkwe ameona nikitabasamu! Amekaa kimya akamaliza chapati yake halafu akaniuliza taratibu, "baba, kwa hiyo hii njia mlinunua au hamkununua?" Mpaka saa hizi nimejifungia chumbani naandika uzi, nje nasikia kwii kwii kwii, toroli linarudi.

Matofali tripu moja yameshashushwa. Jumatatu naziba. Asiniambie mtu habari ya kukaa chini na kuzungumza, mimi nilishasimama nikatoa shikamoo.

---

Pweza Mkavu: Naweka kambi hapa. Muuza kahawa pita.

Mama Vitumbua: Pole baba. Ila kutema mbele ya mkwe wa mtu jamani, huyo hata kama njia ni ya kwake hiyo siku ilikuwa azunguke.

Kigingi: Chai. Weka picha ya bikoni.

Mtoa mada: Kigingi nimeipiga, nitaweka mtandao ukikaa sawa. Chai nilikuwa nakunywa mimi, tena na mkwe wangu, mpaka ilipoingiliwa.

Hakimu wa Vijiweni: Mkuu punguza povu, la mzee linatosha. Usizibe Jumatatu. Sheria ya Ardhi ya 1999 inatambua haki ya mtu kupita kwenye ardhi ya mwenzie, na kama watu walikuwa wanapita hapo miaka na miaka kabla hujanunua, ukiziba unampa yeye sababu ya kukushtaki wewe. Anza serikali ya mtaa na ile karatasi aliyosaini, halafu baraza la kata, ila jua tangu marekebisho ya 2021 baraza la kata linapatanisha tu, halitoi hukumu. Mkishindwana ndo Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Lakini kung'oa bikoni hilo ni kosa kabisa la kisheria, hapo umemshika pabaya. Muite mpima atoe ripoti kwa maandishi.

Mtoa mada: Nashukuru mkuu nimekuelewa, Jumatatu naanzia serikali ya mtaa. Swali langu moja, hiyo sheria ya 1999 inasemaje kuhusu shikamoo?

Dada wa Madale: Mtoa mada na wewe ulikagua nyumba mchana tu ndo maana. Nyumba inakaguliwa saa kumi na mbili asubuhi watu wanapoenda kazini, unasimama uani dakika ishirini, wakipita watu saba wanakuambia habari za asubuhi ujue hiyo sio nyumba, hiyo ni barabara yenye vyumba.

Kigingi: "Barabara yenye vyumba" 😂😂😂 mtoa mada umenunua stendi

Mzee wa Mbezi: Nyie mnalia njia ya kuku. Mimi nilijenga kando ya barabara kuu, mita 22 na nusu toka katikati nimeheshimu, kipimo cha zamani. Ikaja sheria ya barabara ya 2007 hifadhi ikawa mita 30. Nikaamka ukutani nina X ya kijani, jirani ana nyekundu. Ya kijani maana yake kuna fidia, nyekundu vunja mwenyewe ondoka. Jirani mpaka leo hanisalimii, anadhani rangi nilichagua mimi.

Pweza Mkavu: Mzee wa Mbezi fidia ulilipwa?

Mzee wa Mbezi: Usiniharibie Jumamosi.

Boss wa Kitengela: Poleni sana kutoka huku Kenya. Mimi niliuziwa ploti ya 50 kwa 100, nikaenda kuweka fensi nikapata nguzo ya stima iko ndani, na ile njia ya kuingilia waliniambia ni ya mita 9 kumbe jamaa wa mbele amepanda sukuma wiki mpaka katikati. Gari naacha kwa mama wa kibanda natembea na mguu. Nikimwambia anasema si nitakuchumia mboga.

Mama Vitumbua: Huyo wa Kenya angalau anapewa mboga.

Kigingi: 50 kwa 100 ni nini, hatua?

Boss wa Kitengela: Futi bro. Kwani huko mnapima na nini?

Dada wa Madale: Hahaha hapo umegusa donda. Huku kisichopimwa ni hatua. Mimi niliuziwa hatua 20 kwa 30 Chanika. Siku ya kuonyeshwa dalali alipima na hatua ndefu mpaka suruali inataka kuchanika, nikaona uwanja wa mpira. Siku ya mauziano kapima mwenye shamba, babu wa miaka themanini na kitu, anatembelea fimbo, kila hatua anapumzika. Hatua 20 zake ziliishia kwenye kivuli cha mwembe tuliposimama.

Mzee wa Mbezi: Ulitakiwa useme apime mtu mmoja siku zote mbili.

Dada wa Madale: Nilisema. Wakanijibu mwenye ardhi ndo mwenye mguu.

Hakimu wa Vijiweni: Wakuu hatua sio kipimo cha kisheria, chukua futi kamba.

Pweza Mkavu: Futi kamba nayo inavutwa. Kuna jamaa Kigamboni alivuta mpaka ikakatika namba sita, mpaka leo ile kamba inaruka toka tano inaenda saba na viwanja vinauzwa.

Mtoa mada: Wakuu naomba turudi kwenye mada. Kapita tena sasa hivi. Safari hii mimi sikumsalimia, mkwe ndo kamsalimia. Kamwitikia! Kamwambia karibu sana mama, Singida salama? Kajuaje Singida???

Mama Vitumbua: Yesu wangu.

Kigingi: Mzee anataka na mkwe apite humo humo 😂

Mtoa mada: Kigingi nakuheshimu sana, usinivunjie heshima kwenye uzi wangu.

Boss wa Kitengela: Huyo mzee anafaa siasa.

Asiyelala: Nyie wote hamjui shida. Mimi mipaka yangu iko safi, hati ninayo, ukuta upo pande nne. Jirani ana jogoo. Analia saa nane usiku, saa tisa, saa tisa na dakika kumi. Jogoo anaheshimu ukuta? Sauti yake inapita juu. Baraza gani la ardhi linashughulikia juu ya ukuta?

Dada wa Madale: Wa kwetu sio jogoo ni jenereta, imewekwa chini ya dirisha la wanangu na moshi unaingia mpaka kwenye kabati la nguo.

Mzee wa Mbezi: Wa kwetu anasubiri mvua ianze ndo afungue chemba.

Asiyelala: Hao wa chemba wapo kila mahali, mvua ikipiga tu unasikia mfuniko graaa.

Pweza Mkavu: Wa chemba afadhali harufu inaisha. Jogoo ni wa mwaka mzima.

Asiyelala: Asante kwa kunielewa ndugu yangu. Nimeshaomba anichinjie nimlipe, hataki, anasema ni wa mbegu.

Mtoa mada: Jamani na shikamoo yangu?

Mama Vitumbua: Marahaba baba. Samahani, hivi huyo mzee wako kuku wake ni wa kienyeji au wa mayai? Nina kipaimara wiki ijayo, na kama njia inapita hapo kwako nije moja kwa moja.