Mshauri wangu wa mtandaoni hanipi ushauri. Niendelee naye?

Binti wa Wete
Assalamu alaykum jamani. Nitarefusha kidogo, mnisamehe.

Mie ni mwalimu wa skuli, naishi Wete. Mamangu na mdogo wangu wa kiume walikuwemo kwenye Spice Islander, ile meli iliyozama Nungwi Septemba 2011 ikija Pemba. Mdogo wangu alipatikana tukamzika. Mama hakupatikana. Tokea hapo sijapanda chombo cha bahari. Likija la lazima Unguja napanda ndege Chake, na nauli yake si ya kila siku. Nimekosa harusi, nimekosa na maziko. Mwaka huu nimepata nafasi ya kusoma SUZA, chuo kikuu kule Unguja, nikaona siwezi kuendelea hivi.

Rafiki yangu akanielekeza kwa mshauri nasaha aliyeko Dar. Tunaongea kwa video kila Jumamosi, dakika 50, shilingi 30,000. Tumeshaongea mara tano. Mpole, hanikatizi, hana haraka. Lakini hanishauri! Nilimuuliza wazi: "Dada, nipande boti au nisipande?" Akanyamaza, kisha akaniambia: "Swali hilo inaonesha umelibeba peke yako siku nyingi." Nikalia mpaka muda ukaisha. Mume wangu anasema nimeliwa pesa.

Na jengine, faragha sina. Nyumba ina watu wanane. Najifungia stoo, nakaa juu ya gunia la karafuu, simu nimeiegemeza kwenye debe. Juzi mtoto wa wifi yangu aligonga mlango mpaka nikakata simu.

Niendelee naye au nitafute mwengine?

Mzee wa Konde
Wa alaykumus salaam. Pole sana mwanangu, msiba ule uliingia karibu kila nyumba huku kwetu. Mimi mambo ya video siyajui. Ninalojua, mtu akikujia na lake unampa neno la kushika. Huyo kakupa neno gani? Msomeeni mama khitma, nenda kwa sheikh unayemuamini ukae naye. Na nikuulize, mlimsalia sala ya ghaibu?

Binti wa Wete
Ahsante babu. Alisaliwa, wanaume walikwenda msikitini. Mie siku hiyo nilikuwa jikoni napikia watu.

Kijana wa Chake
Mimi nilipata mshauri wa aina hiyo hiyo baada ya kuachana na mke wangu. Nikaacha mara ya tatu. Kila nikisema kitu ananirudishia maneno yangu mwenyewe. Labda yangu yalikuwa yanataka mtu wa kunisukuma. Sikukatazi, nakwambia yalivyonifika.

Mnasihi wa Unguja
Kazi hii naifanya mwaka wa tisa sasa, na nimeusoma uzi huu mara mbili. Dada yangu, mkanganyiko unaanzia kwenye neno letu wenyewe. Tumeiita "ushauri nasaha", kwa hivyo mtu anakuja akitegemea nasaha. Unayoeleza ni njia ya Carl Rogers, mwanasaikolojia Mmarekani aliyezaliwa 1902. Yeye ndiye aliyelieneza neno "mteja" badala ya "mgonjwa", kwa sababu hakutaka anayekuja akae chini na mtaalamu akae juu.

Mwenyewe alisimulia kisa cha siku alizokuwa akifanya kazi na watoto Rochester, New York. Alikuwa na mama ambaye mwanawe alimshinda. Rogers alishaamua moyoni kwamba kiini ni mama kumkataa mtoto tokea mdogo, akawa anajaribu kumfahamisha kikao baada ya kikao. Mama hafahamu. Mwisho wakakubaliana waache. Mama akafika mlangoni, akageuka, akauliza: huku mnapokea na watu wazima? Akarudi kukaa, akaanza kuyamwaga ya ndoa yake, mambo ambayo hakuwahi kuyasema alipokuwa akihojiwa. Rogers akamsikiliza. Hapo ndipo kazi ya kweli ilipoanza, na mama na mtoto wote wawili wakafaidika. Akaondoka na somo kwamba anayeumwa ndiye anayejua panapouma.

Mwaka 1957 aliandika masharti anayoyaona ya lazima ili mtu abadilike. Matatu ni ya mshauri: aingie katika hali yako na kuiona kama unavyoiona wewe, akukubali bila sharti lolote, na yeye mwenyewe awe mkweli, asikuvalie sura ya kazi. Kurudia maneno ya mtu kama kasuku hakumo, na nadhani Kijana wa Chake alipata mtu aliyeshika hilo tu.

Sasa kwa huyo wa Dar: mwambie hayo uliyotwambia sisi. Mwambie una hasira naye. Kama njia hii anaijua kweli, hatachukia. Muulize pia amesomea wapi, nani anamsimamia, na kama mazungumzo anayarekodi. Kwa kazi ya mtandaoni masuala hayo ni haki yako.

Mama Shamba
Zima video mwanangu, tumia sauti tu. Bando litadumu, na utaweza kutembea. Mimi yangu nayafanyia shambani chini ya mwembe, anayepita anadhani naongea na dada yangu.

Muuguzi wa Mkoani
Nakubaliana na Mnasihi, ila hofu ya chombo ina njia yake pia, kuzoeshwa kidogo kidogo. Siku ya kwanza unafika gatini, unakaa mpaka moyo utulie, unarudi nyumbani. Siku nyengine unakaribia zaidi. Halafu unaingia boti ikiwa imefungwa, unashuka. Usirukie safari. Muulize mshauri wako kama anaweza kuwa nawe katika hilo, na kama hawezi akuelekeze kwa anayeweza. Na kitu kimoja nakisema bila kuzunguka: ukifika mahali usingizi hupati kabisa, au mawazo ya kujidhuru yanakujia, usingoje Jumamosi. Nenda spitali iliyo karibu siku hiyo hiyo.

Binti wa Wete
Nimerudi, Jumamosi imepita.

Nilimwambia. Nikasema, dada nimekukasirikia, nakulipa na huniambii kitu. Hakujitetea. Alisema anafahamu kwa nini nimekasirika, na kwamba hata yeye mara nyengine hutamani angekuwa na jibu la kunipa, lakini hana, na hataki kunidanganya. Sijui kwa nini, nikamuamini zaidi.

Kisha nikamwambia jambo ambalo mume wangu halijui. Mama alikwenda Unguja kwa Idd. Alinipigia simu akasema labda angoje wiki nyengine. Mie ndiye niliyemwambia, njoo Ijumaa hii, watoto wanakutaka. Ijumaa ile ndiyo waliyopanda.

Miaka yote nimeogopa kulisema kwa sababu najua watu wataniambia ni kadari, usijilaumu. Kadari naiamini, wallahi naiamini. Lakini ningenyamazishwa. Yeye hakunambia nisijilaumu. Aliniuliza sauti ya mama ilikuwaje kwenye simu. Nikamweleza, na alikuwa anacheka, jamani. Mamangu alikuwa anacheka, nilikuwa nimeshasahau.

Usiku nikamwambia na mume wangu. Hakusema kitu. Asubuhi nikamkuta anapiga komeo kwenye mlango wa stoo, kwa ndani.

Babu wa Konde, khitma tutaisoma Alhamisi, na safari hii jikoni atakaa mtu mwengine. Muuguzi, gati ya Mkoani siku gani haina watu wengi?

Muuguzi wa Mkoani
Siku ambayo hakuna meli, alasiri. Nitumie ujumbe ukiwa njiani, nitakungoja getini.