Naomba ushauri: matembezi na mtoto wa miaka miwili huku nina mimba kubwa

Habari zenu wapendwa, kina mama na kina baba, shikamooni wakubwa. Niko Leicester, Uingereza, mimba imeingia mwezi wa saba na nina kijana wa miaka miwili ambaye akishinda ndani siku nzima basi jioni nyumba haikaliki. Jumamosi baba yake yuko kazini kwahiyo tunatoka mimi na yeye tu, mara nyingi Bradgate Park maana ni karibu na anawapenda kulungu wa pale (Oktoba ni msimu wao wa kupigana madume, kwahiyo tunawaangalia kwa mbali tu).

Shida ni kurudi. Kwenda anakimbia vizuri, anarusha majani, anakanyaga kila dimbwi, halafu katikati ya njia anakaa chini kwenye tope, anainua mikono, "mama beba". Mkunga kashasema nisimbebe sana, mgongo nao umegoma. Kumfunga mgongoni na kanga nimejaribu, fundo linabana tumbo. Kigari chetu cha kumsukumia mtoto kina vigurudumu vidogo, nje ya lami kinakwama. Na mwisho wa Oktoba saa za huku zikirudishwa nyuma kwa saa moja, saa kumi na moja jioni giza linaingia tayari.

Sasa naomba kuuliza, kigari cha magurudumu matatu makubwa cha mtumba kinafaa kweli au ni mzigo mwingine, hasa kichanga akishakuja? Na mnafanyaje mtoto akubali kutembea kurudi bila vita?