Kishada cha nyota cha Omega Centauri kutoka Bamburi, Mombasa: katikati pameungua, nyota zimevutika

Kibanda_Uani
Salaam wadau. Darubini ni ya lenzi ya mm 80, fokasi mm 480, kibandani uani. Kamera ni DSLR ya kawaida. Kwa sekunde 120 na ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 1600, katikati ya kishada panatoka donge jeupe tupu, na nyota zote zimevutika upande mmoja. Nianzie wapi?

Kusi
Anza na mhimili wa maunti (kitako kinachozungusha darubini kufuata nyota): usipoelekea ncha ya anga, nukta ambayo nyota huizunguka, nyota huvutika. Mombasa tuko nyuzi 4 kusini ya ikweta, kwa hiyo ncha ya kusini ya anga iko nyuzi 4 tu juu ya upeo, imemezwa na taa na minazi. Huna cha kulenga. Inamisha mhimili kwa kipimo cha pembe, nyuzi 4 kutoka usawa, ukielekea kusini. Dira ya simu usiiamini sana, mabati na nondo huidanganya.

Kisha pima mteleko. Nyota ya Spica inapokaribia kupita juu kabisa, zima otogaidi (kamera ndogo inayosahihisha ufuataji wa nyota) uitazame dakika 5. Ikihama kaskazini au kusini, gusa skrubu za maunti za kulia na kushoto. Rudia kwa nyota iliyo chini mashariki, safari hii kwa skrubu za juu na chini.

Kuungua ni mwanga kuzidi tu: piga sekunde 30, ISO 800, picha 100, na nyingine 40 za sekunde 8 kwa ajili ya katikati. Ndani ya Siril, programu ya kuunganisha picha, vuta mwanga kwa njia iitwayo asinh, rangi za nyota zitabaki.

Umande_Pwani
Naongeza: usinunue kichujio cha nebula, kile kinachopitisha rangi chache tu za mwanga wa gesi. Nyota hung'aa kwa rangi zote, kwa hiyo kitakata mwanga wa kishada chenyewe. Mkanda wa joto uwashe tangu mwanzo, kabla lenzi haijashika umande. Na subiri kipindi chake: Februari kishada kiko juu kabisa, kama nyuzi 46, saa kumi alfajiri, mwanzoni mwa Juni ni saa tatu usiku. Aprili na Mei ni masika, mawingu matupu.

Kibanda_Uani
Shukran sana. Maunti yangu inagoma kwenye nyuzi 12, haishuki zaidi.

Kusi
Zimebaki nyuzi 8. Kama bamba la chini lina sm 20, inua upande wake wa kaskazini sm 2.8 kwa kabari. Iwe ya alumini. Mbao hunywa unyevu wa bahari ikavimba, na mhimili ukahama tena.