Mjadala: Je, mwanafunzi wa uzamivu wa hisabati apelekwe kazini nje ya chuo?

Ndugu zangu wa Mtwara na Lindi, wapo wasomi wanaoshikilia kwamba uzamivu wa hisabati ni wa kumwandaa mhadhiri, na kwamba muda wowote unaotumika nje ya tasnifu umepotea. Kwa maoni yangu, kila mwanafunzi wa ngazi hiyo angepaswa kukaa angalau muhula mmoja katika taasisi isiyo chuo, akabidhiwe tatizo halisi, na kazi hiyo ihesabiwe katika shahada yake.

Chukueni mnada wa korosho. Mkulima wa Tandahimba hupeleka mzigo AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika cha wakulima, ukapimwa, ukasafirishwa hadi ghala kuu, kisha wanunuzi wakashindana kwa bei. Je, mnunuzi asiyeziona bei za wenzake hutoa zaidi au hujihami? Mzigo ugawanywe kwa ukubwa gani ili mnunuzi mdogo naye apate nafasi? Haya ni maswali ya hisabati hasa: Paul Milgrom na Robert Wilson walitunukiwa Nobel ya uchumi mwaka 2020 kwa nadharia ya minada, na mnada waliousanifu ulianza kutumika Marekani mwaka 1994 kuuza masafa ya redio. Na kuhusu kufanya kazi nje ya chuo, Mmarekani Claude Shannon, aliyepata uzamivu wa hisabati katika chuo cha MIT mwaka 1940 kwa tasnifu kuhusu jenetiki, aliandika nadharia yake ya habari (hisabati ya kupima na kusafirisha taarifa) ya mwaka 1948 akiwa mwajiriwa wa maabara za kampuni ya simu.

Mchangiaji, Lindi: Mtoa mada, nakuunga mkono nusu. Wengi wa wanafunzi hao nchini ni wahadhiri wasaidizi walio katika ruhusa ya masomo, na waajiri wao wanawahitaji darasani. Muhula huo ataulipia nani?

Mtoa mada: Ndugu yangu, hoja yako ni nzito. Hata hivyo, mhadhiri huyo atakaporudi atawafundisha vijana ambao wengi wao hawatakuwa wahadhiri, na inasikitisha awafundishe bila kuwahi kuona hisabati ikifanya kazi ghalani au maabara. Kuhusu gharama, mwajiri aendelee kumlipa mshahara, na taasisi kama TARI Naliendele, kituo cha utafiti wa kilimo kinachotafiti mikorosho, itoe tatizo, takwimu na msimamizi wa pili. Walio katika vyama vya ushirika watueleze: je, takwimu za minada iliyopita zinaweza kukabidhiwa mtafiti, na kwa masharti gani?