Mjadala: tungoje tramu mpya, au tupande njanja (reli) tuliyonayo?

Mkaaji wa Katuba (mfungua mjadala)

Ndugu zangu wa Lubumbashi, nawaletea swali ambalo limenikaa moyoni. Naishi Katuba, nafanya kazi mjini. Kila asubuhi nangoja teksi-basi barabarani, na ikija tunabanana wanne kwenye kiti cha watatu. Tukikaribia mji magari yanasimama. Hapo ndipo huwa naikumbuka njanja: njia nzima iko wazi, hakuna kitu juu yake isipokuwa kina mama waliotandika mboga kandokando.

Mji huu umezaliwa na reli. Ilifika hapa kutoka Rhodesia mwaka 1910, mwaka uleule ilipoanzishwa Élisabethville, jina la zamani la Lubumbashi. Makao makuu ya SNCC, shirika la reli la taifa letu, yako hapa kwetu. Wazee wetu wengi walilisha watoto kwa mshahara wa njanja. Lakini mfanyakazi wa Katuba haendi kazini kwa treni.

Maoni yangu ni haya: tuache kungoja tramu, yaani treni nyepesi ya mjini, tutembeze mabehewa juu ya reli iliyopo, kama Dar es Salaam ilivyofanya Oktoba 2012. Wenzetu hawakujenga njia mpya. Walichukua reli mbili walizokuwa nazo, ya TAZARA (ya Tanzania na Zambia) kuelekea Mwakanga na ile ya shirika lao la taifa kuelekea Ubungo Maziwa, wakakarabati mabehewa, wakapanga vituo, watu wakapanda. Wananchi waliipa jina la treni ya Mwakyembe, waziri wa uchukuzi wa wakati ule.

Addis Ababa walifanya vingine. Tramu yao ilifunguliwa Septemba 2015: kilomita 34 hivi, vituo 39, dola milioni 475, sehemu kubwa mkopo wa benki ya Exim ya China. Ni kama dola milioni 14 kwa kila kilomita. Walinunua magari 41, na baada ya miaka michache mengi yakawa yamelala karakana kwa kukosa vipuri. Deni halikulala nayo.

Anayeona vingine aseme, nitamsikiliza.

Mwanafunzi wa Kasapa

Yaya, mkubwa wangu, kwa heshima yako, napinga. Unapima bei ya kuanzia tu. Treni ya Dar ilianza kama treni ya asubuhi na jioni. Mwanafunzi mwenye somo la saa sita mchana apande nini? Mgonjwa anayekwenda hospitali katikati ya siku je?

Tena umechagua Addis kwa sababu inakusaidia kushinda. Casablanca walifungua tramu yao Desemba 2012, miezi miwili tu baada ya treni ya Dar. Sasa wana njia nne za tramu, mbili za mwisho zikiwa zimefunguliwa 2024. Tunis wana reli yao nyepesi ya mjini tangu 1985. Nao ni Waafrika, nao wana madeni. Casablanca waliajiri kampuni ya kuendesha kwa mkataba tangu mwanzo, na matengenezo yamo ndani ya hesabu. Kwa hiyo tatizo la Addis tusilitwike tramu. Magari yalinunuliwa, lakini kesho ya magari hayo haikununuliwa.

Kuna jambo jingine linaloniuma zaidi. Njanja haikuchorwa kwa ajili yetu. Waliichora waliotaka shaba ifike baharini. Mwaka 1921 walipoweka mtaa wa Waafrika kule Kamalondo, waliacha ukanda mtupu kati yake na mji wa wazungu ili tusikaribiane. Katuba na Rwashi zilikuja miaka mingi baadaye. Ukitumia reli ya 1910, unakubali mji uendelee kukaa kwenye ramani ya 1910. Kwa nini mjukuu atembee saa nzima kuifuata reli iliyowekwa kwa ajili ya mawe?

Dereva wa Rwashi

Mimi ni dereva na ninalisha watu saba. Mnapopanga, mtutaje na sisi. Njanja haipiti mbele ya mlango wangu Rwashi. Basi langu linapita.

Kama kuna pesa za kutafuta, zitafutiwe barabara. Curitiba kule Brazil walitenga njia za mabasi peke yake tangu 1974, Bogotá wakafuata mwaka 2000, na hao hao Dar mnaowasifu walianza mwendokasi Mei 2016, kilomita 21 hivi. Basi likiharibika unalisukuma pembeni, lingine linapita. Treni ikiharibika nani anaisukuma?

Mkaaji wa Katuba

Kaka dereva, hilo la mwisho ni kweli na sina jibu lake. Lakini hata mwendokasi si dawa ya kila kitu. Kituo kikuu cha mabasi yao kilijengwa Jangwani, bondeni, na mafuriko yamekiingia zaidi ya mara moja. Mabasi nayo yamekuwa machache kuliko watu, foleni za jioni Kimara zinajulikana. Barabara ikishatengwa, bado kuna kununua mabasi, na kuyanunua tena yakichakaa.

Tena sitaki uache kazi. Treni ya mabehewa 8, kila behewa watu 120, ni watu 960. Wakishuka stesheni kwa pamoja, nani atawapeleka Rwashi? Ni wewe, na safari zako zitakuwa fupi, mafuta kidogo, zamu nyingi.

Mdogo wangu wa Kasapa, la Kamalondo limenichoma. Sitalijibu haraka.

Fundi wa njanja, mstaafu

Wanangu, mimi nimefanya kazi ya reli maisha yangu yote, na pensheni yangu bado naifuata kwa miguu. Niruhusuni niseme marefu kidogo, kwa sababu naona mnabishana juu ya mabehewa na hakuna aliyetaja njia.

Kwanza jema. Reli yetu ni ya milimita 1067 kati ya chuma na chuma. TAZARA pia ni 1067. Behewa linaloondoka Dar likafika Kapiri Mposhi, likaingia reli ya Zambia, Ndola, kisha Sakania, linaweza kufika stesheni yetu bila kubadilisha gurudumu hata moja. Addis, Gautrain ya Johannesburg na ile treni ya Dakar iliyoanza kubeba abiria mwisho wa 2021 ziko kwenye 1435. Kwa kipimo cha chuma, ndugu yetu wa karibu ni TAZARA, kwa hiyo anayetaja Dar hajakosea mahali pa kutazama.

Sasa magumu. Njia yetu ni moja. Treni mbili zikikutana, moja lazima ingoje kwenye njia ya kupishana. Treni ya shaba ikichelewa kutoka Tenke, treni yenu ya wafanyakazi itasimama porini na watu 960 ndani, na mabosi hawatakubali kusikia habari ya njia ya kupishana. Kabla ya kununua behewa moja, jengeni njia za kupishana na vituo vyenye mtu wa kutoa ruhusa ya kupita. Picha za gazetini hazionyeshi hiyo, ila bila hiyo hakuna treni ya mjini.

Pili, umeme. Sehemu ya mtandao wetu ina nyaya za juu tangu miaka ya 1950, na kwa wakati ule tulikuwa mbele ya nchi nyingi. Lakini umeme unaofika Katanga, pamoja na ule unaosafiri kutoka bwawa la Inga hadi Kolwezi kilomita zaidi ya 1,700, unagombewa na migodi na nyumba zetu. Mkitaka kuanza, anzeni na dizeli.

Tatu, wizi. Sisi ni watu wa shaba, tunajua bei yake. Afrika Kusini walikuwa na treni za wananchi zilizobeba watu wengi sana, Metrorail. Nyaya zikaibwa, stesheni zikabomolewa hasa wakati wa marufuku ya kutoka nje ya 2020, ya korona, na Cape Town watu wakajenga vibanda juu ya reli kule Langa na Philippi. Kuwahamisha kumechukua miaka. Pale kwetu kandokando ya njanja, mnayemwona na mboga leo, kesho atakuwa na ukuta. Hata yeye ana haki, hana soko jingine. Lakini treni ya haraka haiwezi kupita kati ya meza za mboga.

La nne nalisema kwa uzito. Machi 2022, kule Buyofwe, territoire ya Lubudi, treni ya mizigo ilianguka, na watu zaidi ya 60 waliokuwa wamedandia juu ya mabehewa wakafa. Walidandia kwa sababu hawakuwa na njia nyingine. Msiseme kwamba hakuna abiria wa treni Katanga. Wapo, na wanasafiri juu ya madini.

Mkaaji wa Bel-Air

Nimeishi Johannesburg miaka kadhaa. Mzee amesema Metrorail, nami niongeze upande wa pili. Gautrain ilifunguliwa Juni 2010, kilomita 80, mwendo wa kilomita 160 kwa saa, inafika hadi uwanja wa ndege. Safi, salama, kwa wakati. Na abiria wakipungua chini ya kiwango cha mkataba, serikali ilikuwa inailipa kampuni pengo lililobaki. Kwa hiyo mama wa Soweto asiyepanda Gautrain alikuwa anaichangia kwa kodi yake, wakati treni yake mwenyewe ilikuwa imekosa nyaya.

Sisemi tusijenge kizuri. Nasema tuamue kwanza nani atapanda, kabla ya kuamua itapita wapi. Tukiulizwa leo, wakubwa watataka treni ya Luano, ya kumpeleka mgeni kwenye ndege.

Mwanafunzi wa Kasapa

Baba fundi, asante. La Buyofwe limenibadilisha kidogo. Siondoi neno langu juu ya ramani ya 1910, lakini kama watu tayari wako juu ya reli bila kiti, kuwapa kiti si kukubali ukoloni.

Swali langu linabaki la pesa. Dar walikuwa na serikali iliyobeba hasara. Nani atabeba ya Lubumbashi? Kinshasa ina treni za mjini kwenye reli ya Matadi tangu zamani, kuelekea Ndjili na Kasangulu, na tumeona watu wakikaa hadi juu ya paa. Kujaa kunaonyesha watu wanaitaka, lakini aliyekaa juu ya paa hakatiwi tiketi.

Mkaaji wa Katuba

Nimefikiria hilo la pesa siku mbili. Migodi yote sasa inazungumza reli. Wakubwa wa Ulaya na Marekani wanataja reli ya Lobito, bandari ya Angola, kila mkutano, kwa ajili ya shaba na kobalti. Reli ikitengenezwa kwa ajili ya mawe ya migodi, kwa nini mkataba usiandikwe kwamba asubuhi na jioni njia ni ya watu? Mgodi unalipia njia, mkoa unalipia mabehewa, abiria analipia mafuta. Huu ndio wakati wa kudai, kabla wino haujakauka.

Fundi wa njanja, mstaafu

Hapo umegusa penyewe. Na mahali pa kuanzia ninapajua: tawi la Kipushi. Kutoka kituo cha Munama, karibu na Lubumbashi, hadi Kipushi ni kilomita kama 30, tawi lilifungwa 2011. Mgodi wa Kipushi umeanza tena kutoa zinki mwaka 2024, na zinki ni nzito, inalilia reli. Treni za Tenke hazipiti huko, kwa hiyo hakuna wa kukusimamisha porini. Njia fupi, mji mwisho huu, mji mwisho ule. Ingekuwa shule nzuri ya kujifunzia.

Mama wa barabara ya Kipushi

Ba papa, munisamehe, miye sikusoma sana. Lakini nasikia munataja Kipushi, na kule njo natokaka kila siku.

Miye nauzishaka tomati. Teksi inanilipisha kiti yangu na kiti ya kitunga, na siku ya mvula hata haisimame. Munasema treni ya asubui, sawa. Lakini siye ba mama tunatokaka mu giza, sababu soko inafungukaka mbele ya jua. Kama treni inatoka saa ya bantu ba biro, tomati yangu itafika wakati bengine bamemaliza kuuzisha. Na ile treni ya Dar, inapakizaka bitu, ao bantu tu?

Mkaaji wa Katuba

Mama, sikuwaza hilo hata kidogo, na naona aibu, maana mama yangu mzazi alitulea kwa kuuza mihogo soko la Kenya, mtaa wetu wa hapa Lubumbashi. Nilihesabu viti 960 na sikuhesabu kitunga hata kimoja.

Basi nabadilisha pendekezo langu. Treni ya kwanza itoke Kipushi alfajiri, giza bado lipo, ya wafanyakazi ifuate. Na katika kila treni behewa moja lisiwe na viti, libebe mizigo, na kitunga kisilipiwe kama mtu. Mzee fundi, hilo linawezekana?

Fundi wa njanja, mstaafu

Linawezekana sana. Behewa la mizigo ni rahisi kulitengeneza kuliko la abiria. Ila atakayepakia lazima apewe dakika za kutosha kila kituo, kwa hiyo safari itakuwa ndefu kidogo. Mama aseme kama anakubali kuchelewa hivyo.

Mama wa barabara ya Kipushi

Nakubali, papa. Sasa hivi nangojaka kupita hizo dakika. Lakini mulango ya lile behewa ikuwe mukubwa. Kitunga haipitake mu mulango ya bantu.